Gari la pili la shemeji: viti viwili vya watoto na kilima cha Goba

Mdogo wangu alinipigia simu usiku wa Jumapili, watoto wakiwa wameshalala. Akaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri: "Kaka, tunataka gari la pili. Ila safari hii nataka gari lenye raha."

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye ninayeitwa mambo ya magari yakitajwa. Nimewaagizia ndugu kadhaa kutoka Japani, wengine nimewatafutia la mkononi hapa hapa Dar es Salaam, na maagizo huwa ni yale yale: lisile mafuta, spea zipatikane, lisisumbue. Neno raha sikuwahi kulisikia. Nikamwambia aniachie wiki mbili, na usiku ule nilichelewa kulala.

Hali yao ilikuwa hivi. Wanaishi Goba, mita mia kadhaa ndani kutoka barabara ya lami, kwenye njia ya udongo yenye mteremko mkali. Wana Toyota Noah, na hilo ndilo analokwenda nalo mdogo wangu kazini upande wa bandarini, akitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Shemeji, mke wake, anabaki na watoto wawili: binti wa miaka minne na nusu anayesoma chekechea Makongo, na mdogo wake wa miezi kumi na minne anayeachwa kwa bibi yake maeneo ya Mwenge. Baada ya hapo shemeji anaendelea mpaka kazini Mikocheni. Dada wa kazi huwa naye siku nyingi, kwa sababu ndiye anayeshinda na mdogo kwa bibi. Safari yote hiyo ilikuwa inafanyika kwa bajaji, binti katikati, mdogo mapajani. Bajeti yao ilikuwa shilingi milioni 20, gari likiwa barabarani, namba imeshafungwa.

Mdogo wangu alishakuja na majina matatu: Subaru Forester yenye turbo (kifaa kinachoiongezea injini nguvu), Suzuki Jimny na Suzuki Swift Sport. Yote matatu nayapenda. Ndiyo maana sikumuuliza swali nililopaswa kumuuliza kwanza.

Swali lenyewe lilijileta Jumamosi iliyofuata. Tulikwenda yadi moja kuangalia Forester, sisi wawili tukiwa mbele ya bodi ya gari, shemeji akiwa nyuma yetu amembeba mtoto. Mdogo wangu akawa anaeleza turbo inavyosukuma. Shemeji akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole: "Shemeji, hivi atakayeliendesha hili gari ni nani?"

Kimya kikapita. Noah lilikuwa halibadilishi mikono, mdogo wangu analihitaji kwa mizigo ya kazini. Gari la pili lilikuwa la shemeji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja jioni, siku tano za wiki, na watoto ndani. Tulikuwa tumekaa wiki nzima tunapanga raha ya mtu ambaye angekaa kwenye usukani labda Jumamosi mchana.

Nikamuuliza yeye sasa: raha yako wewe kwenye gari ni ipi? Nilitegemea aseme redio nzuri, au kiyoyozi. Akasema gia. Baba yake alikuwa na pikapu ya Hilux Lushoto, na ndiyo aliyojifunzia, kwenye ile barabara ya kutoka Mombo, kilomita thelathini na kitu za kona mfululizo, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. "Napenda gari linaponisikiliza," akasema. "Nikishusha gia kwenye kona liitike. Spidi sina shida nayo, na hapa Dar nitaipeleka wapi?"

Kuanzia hapo kazi ilibadilika kabisa. Raha tuliyokuwa tunaitafuta ikawa na mahali pake: kilima cha Goba na kona za kushukia Makongo, kati ya kilomita 30 na 60 kwa saa, kabla foleni haijafunga. Gari lenye nguvu nyingi kwenye mwendo huo linakuwa limelala tu. Gari jepesi, lenye injini ya kawaida unayoweza kuitumia yote bila kuvunja sheria, linakuwa macho. Nimeendesha ya aina zote mbili na hilo sina ubishi nalo.

Kwa kuwa tulishafika yadi, tuliliangalia hilo Forester. Lazima niseme kwa haki: kwa watoto, hakuna lililolishinda. Milango mipana, kiti cha nyuma kirefu, buti linalomeza kigari cha mtoto bila kukikunja mara mbili, na tumbo liko juu kiasi kwamba njia ya udongo si kitu. Lakini nilipoweka kiganja kwenye boneti nikakuta ni la moto, wakati tuliomba tuliwashe wenyewe likiwa limepoa. Dalali akasema alilisogeza kidogo. Likapoa tukiwa tunasubiri kivulini, tukafungua chupa ya akiba ya maji ya rejeta, ndani kuna utando wa mafuta mafuta, na injini ilipowashwa mapovu yakaanza kupanda. Kwenye injini za Subaru za aina ile dalili hiyo inakupeleka moja kwa moja kwenye gasketi ya hedi, ile inayozuia maji, mafuta na moto wa injini visichanganyike. Tukaaga kwa adabu.

Tungepata jingine zima, bado hesabu ya mafuta ilikuwa pale pale. Mzunguko wa shemeji ni kama kilomita 800 kwa mwezi. Forester la turbo, otomatiki, kwenye foleni ya Mwenge, nililipigia kilomita 7 kwa lita, yaani lita 114. Gari dogo la cc 1,500 likienda 12 kwa lita linatumia lita 67. Kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita, ili kurahisisha hesabu, tofauti ni kama shilingi 140,000 kila mwezi. Ongeza taimingi belti ambayo ikifika kilomita 100,000 haibembelezwi, lazima ibadilishwe. Ingekuwa raha ya kila siku ningesema walipe. Kulipia nguvu ambayo kilima cha Goba hakiiombi, hapana.

Jimny lilikuwa gumu zaidi kuliacha, kwa sababu shemeji mwenyewe alilipenda. Lile la injini ya cc 658 yenye turbo, fremu ya chuma chini kama lori dogo, gia ya nguvu ya kupandia matope. Gari lisilozidi mita tatu na nusu linalopanda mahali ambapo mengi makubwa yanageuza. Kwa njia yao ya udongo wakati wa masika lingekuwa mfalme. Basi tukafanya jambo ambalo sasa nalifanya kwa kila mwenye watoto: tulikwenda na viti vya watoto vyenyewe, na watoto wenyewe.

Kiti cha mdogo ni kile kinachotazama nyuma. Wengi huku kwetu wanakigeuza mapema kwa sababu mtoto analia, au miguu inagusa kiti, na mimi huwa nasihi sana wasifanye hivyo. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kulinganisha na mwili wake, shingo bado changa. Gari likigonga mbele, kiti kinachotazama nyuma kinaupokea mgongo mzima na kichwa pamoja, badala ya kuiachia shingo kazi yote. Kanuni ya kimataifa ya viti vya watoto, R129, inataka mtoto atazame nyuma angalau mpaka miezi 15, na kukaa hivyo zaidi ya hapo ni bora zaidi. Na kiti hicho hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kamwe. Ukifumuka unakipiga kiti mgongoni, na kichwa cha mtoto ndipo kilipo.

Jimny lile lina milango miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma. Ili kumweka mtoto unakunja kiti cha mbele, unainama, unaingiza mwili nusu, unamgeuza mtoto hewani, unatafuta mkanda kwa kidole. Shemeji alifanya hivyo mara moja, kwenye kivuli, bila mvua, bila mkoba, bila binti kulia kwamba anataka kuingia wa kwanza. Alipotoka alikuwa ameshika kiuno. Halafu kiti kinachotazama nyuma kilipokaa, kiti cha mbele kilibidi kisogee mpaka magoti ya dada wa kazi yakagusa dashibodi. Buti, viti vya nyuma vikiwa vimesimama, lilikuwa nafasi ya mkoba mmoja wa shule. Akalizunguka mara ya mwisho, akalipiga kofi la upendo kwenye boneti, akasema: "Watoto wakikua nitakufuata."

Swift Sport nilidhani ndiyo itakayoshinda. Ile iliyotengenezwa kuanzia 2011 ina milango mitano, injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 136, gia sita za mkono, uzito wa tani moja na kidogo. Kwa anayependa gari linaloitika, ni zawadi. Viti viliingia. Lakini mlango wa nyuma ni mdogo na dirisha lake linapanda juu kuelekea nyuma, na binti akiwa kwenye kiti chake alikuwa anaona mpira wa mlango na kipande cha mbingu. Huyu mtoto anatapika garini, tena kwa haraka. Akiona mbele na nje anatulia, asipoona tunajua kitakachofuata kabla ya kufika lami. Jambo dogo, mtu anaweza kusema. Mtu huyo hajawahi kufua kitambaa cha kiti cha mtoto saa kumi na mbili na nusu asubuhi akiwa na kikao saa mbili.

Na kulikuwa na tairi. Swift hiyo inavaa 195/45 rimu 17. Asilimia 45 ya milimita 195 ni kama milimita 88, huo ndio mpira wote uliopo kati ya rimu na shimo la barabara. Kwenye njia yao, rimu zingepinda kabla ya Krismasi.

Nikarudi nyumbani sina gari. Nilikuwa nimekaa kibarazani ndipo jirani akapita na Vitz yake, ya kawaida kabisa ya cc 1,000, na nikajishika kichwa. Toyota ilikuwa inatengeneza Vitz RS, toleo lake la kimichezo, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiipita kwenye orodha za minada. Vitz hii ya umbo la tatu ilianza kutoka Desemba 2010, na RS yake ina injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, farasi 109, gia tano za mkono, uzito wa tani moja hivi, na springi ngumu kidogo kuliko za kawaida.

Msomaji wa Tanzania akisikia 1NZ anaelewa kwa nini niliruka. Ndiyo injini iliyomo kwenye IST ya 1.5, kwenye Spacio, Raum, Probox, Fielder. Inatumia cheni, si belti. Plagi, pampu ya maji, maunti za injini, sensa, vyote unavipata Kariakoo Gerezani mchana mmoja, na fundi wa chini ya mwembe anaifungua akiwa anaongea na simu. Farasi 109 si wa kutishia mtu. Ila kwenye tani moja, na gia mkononi, kilima cha Goba kinakuwa kitu cha kusubiri kwa hamu.

Shida ni kwamba RS ya gia za mkono hukuti yadi za Dar. Ni ya kuagiza, na ya kuagiza hulijaribu. Hapa ndipo jirani alipotusaidia: bodi ni ile ile. Tukamwomba Vitz yake kwa saa moja, tukapeleka viti, watoto, dada, kigari na mikoba ya siku ya kawaida. Kiti kinachotazama nyuma tulikiweka upande wa kushoto, kwa sababu huku kwetu ndio upande wa pembeni mwa barabara, mama anamshusha mtoto bila kusimama kwenye magari. Tukapenyeza vidole kati ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma, vyuma vya Isofix, vile vya kufungia kiti cha mtoto, vipo pande zote mbili. Binti akawekwa nyuma ya dereva, akasema anauona mti wa jirani na paka. Dada akakaa mbele, magoti yana nafasi ya kiganja. Kigari kikalala butini na mikoba juu yake. Katikati ya viti viwili vya watoto mtu mzima hakai, hilo lieleweke. Siku bibi anasafiri nao, gari ni Noah.

Mdogo wangu hakufurahi mara moja. "Kaka, Vitz?" Nilimwelewa. Jina lina uzito wake, na Vitz kwa wengi ni gari la kuanzia. Nikamwambia asubiri alisikie.

Wiki tatu tulisoma karatasi za mnada, zile zinazoandika hali ya kila gari. Magari ya RS yana hatari yake: wengi walioyanunua Japani waliyanunua wayakimbize. Nilikataa yoyote iliyoshushwa springi, iliyobadilishwa ekzosi, au yenye usukani usio wake. Moja ilikuwa nzuri kwa picha, kilomita chache, bei ya kuvutia, ila kwenye mchoro wa bodi kulikuwa na XX kwenye bawa la mbele, maana yake limebadilishwa, na daraja limeandikwa R, gari lililotengenezwa baada ya ajali. Nikaliacha lipite. A1 ni mkwaruzo mdogo, U ni kibonyeo, hayo nayakubali kwa moyo mweupe. Gari litapigwa na milango ya shule hata hivyo.

Kodi ilituamulia mwaka. Kwa viwango tulivyokutana navyo, gari la cc hizo lilikuwa linalipa ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 5, halafu tozo ya uchakavu: asilimia 15 likiwa na miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi 10, na mwisho VAT asilimia 18 juu ya vyote. Ukipiga, kila shilingi 100 ya thamani ya gari la zaidi ya miaka 10 ilikuja na kama shilingi 99 za kodi hizo peke yake. La miaka 9 ilikuwa kama 77. Mtu anaona nafuu, anakimbilia jipya. Lakini bei ya mnada ya RS ya 2015 ilikuwa juu kiasi kwamba nafuu yote ilimezwa na bado tungevuka bajeti. Tulichukua ya 2012, daraja 4 kwenye karatasi, hali ya ndani B, kilomita 78,000, haijaguswa. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kiangaliwe kabla ya kulipa, maana mamlaka hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake, risiti yako peke yake haitoshi.

Lilifika baada ya wiki tano na siku kadhaa. Kabla halijaanza kazi tulibadilisha mafuta ya injini na ya gia boksi, maji ya breki, na bushi mbili za mbele. Tairi zake zilikuwa 195/50 rimu 16. Tukavalisha kwanza rimu moja ya 15 mbele na nyuma kuona kama inaepuka breki, ilipozunguka bila kugusa tukanunua seti, tairi 185/60. Kipenyo ni karibu sawa, spidomita haidanganyi, lakini ukuta wa mpira umefika milimita 111. Kwa kona imepoteza ukali kidogo. Kwa njia ya Goba imepata uhai.

Imeshapita miezi mitano sasa. Mafuta yanatoka kilomita 12 na nusu kwa lita, kidogo zaidi ya nilivyokisia. Foleni na klachi, ambayo kila mtu alitutisha nayo, shemeji anasema mguu ulilalamika wiki mbili ukanyamaza, na akitoka kabla ya saa kumi na mbili na robo foleni yenyewe haimkuti. Masika yalimkamata mara mbili, matope yakamzuia kwenye mteremko wa nyumbani, akaliacha kwa jirani aliye karibu na lami na kutembea. Hilo halina dawa kwa gari la chini, na tulilijua. Siku mvua ikikesha, mdogo wangu anamwachia Noah na yeye anapanda daladala. Wamekubaliana hivyo na wanalitekeleza.

Binti ameshajifunza sauti. Mama yake akikaribia kona ya kushukia Makongo, anasema kutoka nyuma, "Mama, tatu," na mama anashusha gia ya tatu.

Kilichobaki ni mdogo wangu. Leseni yake aliipata kwenye otomatiki, na klachi hajawahi kuikanyaga kwa maana. Kwa hiyo Jumapili asubuhi, watoto wakiwa kanisani na bibi yao, shemeji anakaa kushoto na yeye anakaa kwenye usukani. Jumapili iliyopita nilikuwepo. Alizima injini mara nne katikati ya kilima, breki ya mkono ikishikilia, bodaboda zikimpita pembeni. Mara ya tano shemeji aliweka mkono wake juu ya wa mumewe kwenye gia, akamwambia, "Baba, sikiliza kwanza, usikimbilie," na gari likapanda.